Barua ya wazi kwa mdogo wangu: tulishinda, lakini yule tabibu aliondoka

Mdogo wangu mpendwa,

Baada ya salamu, nina neno. Juzi usiku mechi yetu ya Overwatch, ule mchezo wa kompyuta wa timu mbili kupigana, ilipokwisha, nilikuuliza kama ulimwona yule tabibu wetu, mgeni aliyekuwa na kazi ya kututibu. Ukanijibu, "Dada, si tumeshinda? Tatizo liko wapi?" Nikanyamaza, kwa sababu rafiki yako alikuwa bado yuko hewani na sikutaka kukusema mbele ya mtu. Nimelala na jibu lako, nimeamka nalo. Leo nakuandikia, tena hadharani, maana wakongwe wenye jibu kama hilo ni wengi, na wengi wao ni watu wema kama wewe.

Turudi kwenye mechi yenyewe. Tuliingia Overwatch tukiwa watatu, kwenye mazoezi ya kupambana na roboti, yaani wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta, kwa kuwa ulitaka kumaliza changamoto zako za wiki upesi. Timu ni ya watu 5, kwa hiyo tukaongezewa wawili tusiowajua. Mimi sijamaliza hata kuvaa vipokea sauti, wewe ulishamchagua mhusika wako, Genji, na rafiki yako Tracer. Nami nikamchukua Widowmaker. Washambuliaji watatu tayari. Wageni nao walikuwa wamegusa washambuliaji: mmoja Soldier: 76, ambaye mchezo wenyewe humtumia kumfundisha mtu hatua za kwanza, na mwingine Junkrat. Hapo ndipo rafiki yako alipoandika kwenye gumzo, "Tunahitaji tabibu." Aliandika hivyo huku Tracer wake kamkumbatia. Sekunde chache zikapita, Junkrat akatoweka, mahali pake akaja Mercy.

Watu watatu tunaoujua mchezo tulichukua tunachokipenda, na pengo lililobaki tukamwachia asiyejua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa jembe akiwa bado mlangoni.

Mimi nilikuwa juu ya paa na bunduki ya masafa, kwa hiyo niliona mengi ambayo wewe hukuyaona. Mercy hutibu kwa mwale wa njano unaotoka kwenye fimbo yake. Ili mwale umshike mtu, mtu huyo awe karibu na aonekane. Hata kuruka kwenda kwa mwenzake, lazima kwanza amwone. Ndiyo maana wengi humpendekeza kwa anayeanza: mwale wake hautaki shabaha kali, unataka mwenzake wa kushikamana naye tu. Basi alianza na wewe. Mwale ukakushika, ukaparamia ukuta, ukaangukia upande wa pili, mwale ukakatika. Akakimbia kuuzunguka ukuta. Alipofika, ulishahama. Akamgeukia Tracer. Rafiki yako alikuwa amebakiwa na uhai kiduchu, nikamwona Mercy anamkimbilia kwa moyo wote, na kabla hajafika Tracer akajirudisha nyuma sekunde 3, kama uwezo wake ulivyo, akatokea kwingine uhai umejaa. Sasa jiweke wewe katika nafasi ya mtu aliye kwenye mechi yake ya pili au ya tatu. Umemwona majeruhi, umemkimbilia, majeruhi ametoweka, kisha ametokea mzima bila wewe. Hapo umejifunza nini kuhusu utabibu?

Kisha akaniona mimi. Akaruka mpaka juu ya paa, akaniunganishia mwale wa njano nami sina hata mkwaruzo, akasimama ubavuni mwangu. Nadhani alikuwa akitafuta tu mtu asiyemkimbia. Ningeweza kumwandikia abonyeze kitufe cha pili, mwale ugeuke wa bluu, ule unaozipa nguvu risasi za mwenzake. Sikumwandikia. Niliendelea kulenga shabaha zangu. Hilo ni kosa langu na silikwepi. Wala usidhani barua hii inakusema wewe peke yako.

Huko chini Soldier: 76 alikuwa analisindikiza peke yake lile gari ambalo timu yetu ilitakiwa kulifikisha mwisho wa njia. Unajua gari lile husogea mtu wa timu akisimama karibu nalo, na wakiongezeka linaongeza mwendo. Sisi watatu tulikuwa mbali, kila mtu na windo lake. Mercy akamwona yule Soldier, akashuka. Basi kwa muda mfupi, labda nusu dakika, kukawa na timu ndani ya mechi yetu. Soldier anafyatua, Mercy kasimama nyuma yake, wote wamejibanza kwenye ubavu wa gari. Akiumia anatibiwa, akitibiwa anapiga hatua. Niliona hata Mercy ameacha kugeukageuka ovyo. Mkono wake ulikuwa umetulia. Kisha Roadhog wa upande wa roboti akachomoza kwenye kona, akarusha ndoano, akamvuta Mercy mpaka miguuni pake, ikawa basi. Hatukuwa na tanki, hatukuwa na mtu hata mmoja wa kusimama mbele na kuyapokea mapigo. Soldier naye hakuchukua muda akafuata. Mercy alipofufuka hakutoka tena. Alisimama kwenye mlango wa kituo, akaandika neno moja la kuomba radhi kwenye gumzo, akaondoka kwenye mechi.

Akaomba radhi yeye, mdogo wangu. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

Basi nikujibu sasa. Tatizo liko hapo hapo kwenye ushindi. Roboti hazijui kuiadhibu timu iliyojipanga vibaya. Ungekuwa unapambana na watu wenye akili zao, washambuliaji wanne wasio na ngao mbele wangepigwa vibaya, nasi tungeona kosa letu kabla ya dakika mbili. Roboti zilitusamehe. Lakini gharama ya ule mpangilio ilikuwepo, na walioilipa ni wawili ambao hawakuwa na habari kwamba kuna kitu kinalipwa. Mercy aliondoka anaamini hawezi utabibu. Soldier, kama bado anacheza, pengine ameshaamini kwamba gari ni la mtu mmoja na kwamba kufa kila baada ya dakika ni hali ya kawaida. Mtu akijifunza kibaya kwenye mazoezi, anakwenda nacho kwenye mechi za kweli, na huko atatukanwa kwa ajili yake.

Kuna jambo ambalo sisi tuliozoea tumelisahau kabisa: jukumu halijifunzwi peke yake. Mtu hawezi kujifunza utabibu kama hakuna anayekaa mahali atibiwe. Mshambuliaji mchanga naye hawezi kujua asimame wapi kama hakuna tanki anayemwonyesha mstari wa mbele uko wapi. Reinhardt, tanki mwenye ngao kubwa, akiinua ile ngao yake, amemwambia mgeni bila maneno: simama hapa, hapa ni salama, ukivuka hapa utaumia. Somo zima la nafasi limo kwenye ngao hiyo moja. Ukiiondoa, mgeni anabaki uwanjani kama mtu aliyeingia chumba chenye giza, na sisi tunashangaa anavyojigonga.

Wala si sisi wa kwanza kuvutwa na bunduki. Overwatch ilipotoka mwaka 2016, watu waliachiwa kuchagua wapendavyo, na kila aliyecheza siku zile anakumbuka timu zilizojaa washambuliaji huku wanne wakisubiriana nani atajitolea. Mwaka 2019 wenye mchezo wakaleta foleni ya majukumu, tanki wawili, washambuliaji wawili, matabibu wawili, mlango ukafungwa. Ikaonekana mara moja watu wanapenda nini: foleni ya washambuliaji ikawa ndefu kuliko zile nyingine, hata ikabidi waliokubali kuwa tanki au tabibu wapewe pasi za kutangulizwa kwenye foleni. Toleo la pili lilipokuja Oktoba 2022, timu ikashuka kutoka watu 6 hadi 5, tanki akabaki mmoja. Kwenye foleni hiyo ya majukumu wameweka kufuli. Kwenye mazoezi yale ya roboti hatukukuta kufuli lolote, na kilichobaki kumlinda mgeni ni uungwana wetu tu.

Najua utasema League of Legends, ule mchezo wetu mwingine wa timu, ni afadhali, kwa sababu kila mtu ana njia yake uwanjani. Sikubali, na sababu ninayo. Unakumbuka nilivyoanza mimi? Mtu hafunguliwi mechi za daraja, zile za kushindania vyeo, mpaka afike kiwango cha 30, kwa hiyo safari ya ugeni ni ndefu, na mechi za roboti ndiko wengi wetu tulikoianzia. Nilikuwa nampeleka Ashe, mpiga mishale wa mchezo huo, njia ya chini. Mara nyingi mkongwe mmoja aliyechoshwa na njia yake alikuwa anakuja kwenye yangu na kufyeka askari wadogo wote wa upande wa pili. Unajua hesabu yake ilivyo: ujuzi hugawanywa kwa walio karibu, lakini dhahabu huchukuliwa na aliyepiga pigo la mwisho. Nikawa napanda viwango sina hata dhahabu ya kununulia silaha, na sikuelewa kwa nini mishale yangu haiumizi mtu. Nilidhani ni vidole vyangu.

Aliyenitoa hapo ni mtu nisiyemjua, alicheza Leona, msaidizi mwenye ngao. Hakugusa askari wangu. Alisimama mbele, akapokea yeye mapigo ya roboti, na askari mmoja akikaribia kufa anamwekea alama, anasubiri. Nikikosa, anaweka alama kwa mwingine, anasubiri tena. Hakuandika hata neno. Kufikia mwisho wa mechi ile nilikuwa nimeshajua kuvizia pigo la mwisho. Hata jina alilotumia silikumbuki, ila namna alivyokuwa anasimama naikumbuka mpaka leo, na kila nikicheza msaidizi najikuta nasimama vile.

Sasa, najua una hoja, na ni hoja ya haki. Mazoezi ni ya wote. Wewe nawe una Genji wako unayemnoa, na mahali pa kumnolea ni pale pasipo na mtu wa kukutukana. Kweli. Sikuombi uwe tabibu maisha yako yote, wala sikuombi kila usiku uwe mwalimu wa watu. Nakuomba tusiingie watatu tukachukua bunduki tatu, kisha tukamwagiza mgeni azibe pengo tulilolichimba sisi. Ukitaka Genji, chukua Genji, mimi nitachukua tanki. Au siku nyingine mimi niwe juu ya paa, wewe ubebe ngao. Na yule rafiki yako, mwambie kwa upole, kwani anakusikiliza wewe: anayeona timu inahitaji tabibu ndiye abadilishe.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho nadhani kingetosha peke yake. Subiri. Skrini ya kuchagua ikifunguka, usibonyeze kitu kwa sekunde tano tu. Tazama wale wawili wanamgusa nani. Mgeni mara nyingi hugusa mmoja, anamwacha, anamgusa mwingine, anarudi. Ukiona hivyo ujue ni mwanagenzi. Mwache achague kwanza anachotaka kujifunza, halafu wewe chagua kitu kitakachompa nafasi ya kukijifunza. Akiwa tabibu, wewe uwe mtu anayekaa mahali. Akiwa mshambuliaji, mpe ngao ya kusimama nyuma yake.

Ila usizidishe pia. Nimewahi kuona wema ukiharibu. Mkongwe anachukua Mercy, anamganda mgeni mmoja kama kupe, anamtibu kila akikwaruzwa, na mgeni anatembea katikati ya barabara akidhani hafi. Siku akikosa huyo Mercy wa mfukoni, anakufa kwa sekunde tatu na hajui kwa nini. Na kuna tanki anayekimbia mbele peke yake, anaua roboti zote kabla wengine hawajafika. Huyo ni tanki kwa jina, kwa mgeni hana tofauti na Genji wako. Mwache mgeni aumie kidogo. Afe hata mara mbili tatu, ilimradi akifa aone sababu yake.

Nimejaribu kumtafuta yule Mercy kwenye orodha ya niliocheza nao karibuni, nimtumie ujumbe. Simwoni tena. Labda amerudi na jina jingine, labda amekwenda kwenye mchezo mwingine, labda ameacha kabisa.

Leo usiku nitaingia saa ile ile, nami nitachukua Reinhardt. Njoo na Genji wako ukitaka, nitakuwa nimeinua ngao karibu na gari. Usiruke ukuta mpaka tuone wale wawili watakaotujia wamechagua nani.

Ni mimi,
Dada yako