Ngano Haijakauka Bado? Iwashe Kombaini Sasa

Mashuke yakianza kugeuka manjano, simu za karakana yetu ya kutengeneza kombaini, mashine za kuvuna na kupura ngano, huanza kuita. Wengi wanauliza jambo moja: "Fundi, una nafasi wiki ijayo?" Ndugu mkulima, ukingoja mpaka wiki ya kuvuna utakuta kila fundi yuko shambani kwa mwenzako, na duka la spea limeishiwa beringi unayoitaka. Siku za kutuita ni hizi, wakati punje bado inaingia ukucha ukiibonyeza.

Punje ya ngano huacha kujaa ikiwa ingali na unyevu wa asilimia 35 hadi 40 hivi. Baada ya hapo inakauka tu, mpaka ifike asilimia 13 au 14 ambayo unaweza kuivuna na kuiweka ghalani bila kuingia ukungu. Jua likiwa kali, muda huo hupita upesi. Mvua nayo ikirudi juu ya ngano iliyokwisha kukauka, punje huweza kuota zikiwa bado kwenye suke, na ngano iliyoota haifai tena kwa unga mzuri wa mkate. Ndiyo maana siku mbili tatu za kombaini kusimama katikati ya shamba zinauma kuliko bei ya spea yoyote.

Kombaini iliyolala tangu msimu uliopita, kwa macho, huwa nzima. Sisi hatuamini macho. Kwanza tunafungua milango na vifuniko vyote na kutoa kilichoachwa ndani: viota vya panya kwenye feni, nyaya zilizotafunwa, na nafaka ya zamani iliyogandamana chini ya eleveta inayopandisha nafaka. Nafaka hiyo ndiyo inayohamishia wadudu kwenye mavuno mapya. Kisha tunaiwasha na kuizungusha tupu, mitambo yote ikiwa kazini, kwa nusu saa. Tunazima, tunatoa ufunguo, tunangoja kila kitu kisimame, halafu tunapita na kipimajoto beringi moja baada ya nyingine. Ukikuta moja ina joto kuliko wenzake wa aina ile ile, hiyo inakufa. Usiipe grisi ukatumaini itapona. Ibadilishe, kwa sababu beringi iliyoshika moto karibu na makapi makavu inaweza kuteketeza mashine pamoja na shamba. Kwa sababu hiyo hiyo tunasafisha ekzosi na sehemu zote zinazoizunguka, na tunahakikisha kizima moto kimejaa.

Sehemu tunayokaa nayo muda mrefu zaidi ni ngoma ya kupuria. Vyuma vyake vyenye mikwaruzo vinapolika, kingo zake huwa laini na mviringo, na ngano haipuriki vizuri. Mkulima akiona punje zimebaki kwenye mashuke, anaongeza mwendo wa ngoma au anaibana zaidi na wavu wa chuma ulio chini yake. Mashuke yanapurika kweli, lakini tangi linajaa punje zilizovunjika. Hapo dawa ni vyuma vipya. Tunavibadilisha kwa jozi, kile cha upande huu pamoja na kile kinachokitazama upande wa pili, maana ngoma huzunguka mara mamia kwa dakika na ikiwa upande mmoja mzito itatikisika hadi ivunje beringi zake yenyewe.

Wapo wanaosema punje chache zinazoanguka nyuma ya mashine ni za ndege. Hebu tupige hesabu. Punje 1,000 za ngano zina uzito wa gramu 40 hivi. Kama mita moja ya mraba ina punje 100 zilizomwagwa na mashine, hizo ni gramu 4, na hekta moja ni kilo 40. Zidisha kwa hekta ulizolima. Mara nyingi kinachomwaga ni chekecheke lililopinda au feni iliyowekwa kasi kupita kiasi, na vyote viwili hurekebishwa bila gharama kubwa.

Visu vya kukatia ni kazi nyepesi: kilichovunjika au kuwa butu kinatoka, kipya kinaingia. Mikanda inayofanya kazi pamoja kwenye puli moja inabadilishwa yote kwa mkupuo, kwani mpya ukiwekwa kando ya uliolegea utabeba mzigo peke yake.

Kama unapenda kuanza mwenyewe kabla hatujafika, tafadhali usiingie chini ya kichwa cha kukatia kabla hujaweka komeo lake la usalama, hata kama ni kwa kuokota spana tu. Paipu ya haidroliki ikivuja, usiitafute kwa kiganja. Oili yenye shinikizo hupenya ngozi, na jeraha lake linataka hospitali siku hiyo hiyo. Pitisha kipande cha boksi, kitalowa mahali penye tundu.

Ukitupigia, tuma picha ya kibati chenye namba ya mashine na ya mita inayoonyesha saa ilizofanya kazi. Mkanda uliokatika usiutupe hata kama umechakaa, kwa sababu namba iliyoandikwa mgongoni mwake ndiyo tunayoagizia mwingine.