Katiba inasema kila mtu, haisemi kila mwenye kipande

Mhariri,

Kuna barua mlichapa juzi, msomaji mmoja akasema ati mgeni akiwa Kenya hana haki yoyote ya katiba, anaishi kwa huruma ya serikali tu, akitaka haki arudi kwao akaidai huko. Naona watu wanaisambaza kwenye magrupu wakisema huyo jamaa kanena. Hakunena, na nitaeleza kwa nini, manake hii fikra ikizoeleka watakaoumia si wageni peke yao.

Katiba ya 2010 tuliipigia kura wenyewe na iko wazi, mtu akitaka anaweza kuifungua hata kwa simu. Sura ya nne karibu yote inasema kila mtu. Kila mtu ana haki ya kuishi, kifungu cha 26, kila mtu ni sawa mbele ya sheria, kifungu cha 27, kila mtu ana utu wake, cha 28, na kila mtu asizuiliwe kiholela wala kuteswa, cha 29. Pale waandishi walipotaka raia peke yake walisema raia: kupiga kura na kugombea viti, kudai habari zilizo mikononi mwa serikali, kuingia nchini na kukaa popote. Ardhi nayo ina mpaka wake, asiye raia anakodishiwa tu na haizidi miaka 99. Kwa hivyo walijua kabisa wanachofanya, wangetaka mgeni asiwe na wakili au apigwe korokoroni wangeandika hivyo, hawakuandika.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma. Sisi wa Kwale tumeishi na Wamakonde tangu babu zetu, walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa, wakazika, wajukuu wao tukasoma nao darasa moja. Lakini kipande, yaani kitambulisho cha taifa, hawakuwa nacho. Bila kipande huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti ya benki, kazi ya mshahara usahau, na ukikutana na askari barabarani ni hongo au seli. Mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, na mwanzoni mwa 2017 ndio wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba wavuvi wa huku pwani walingoja hadi Julai 2023. Huyo msomaji wako aniambie, huyo mama Mmakonde kabla ya 2017 alikuwa halali ya kupigwa na kufungwa bila kesi, halafu siku aliyopewa kadi ndio akawa binadamu? Ni mtu yule yule, nyumba ile ile.

Na kuna kitu watu hawakifikirii kabisa. Tuseme tukubali haki ya kusikilizwa ni ya raia peke yake. Sawa, polisi wakikushika usiku wakisema wewe si raia utawaonyesha wapi kwamba ni raia, kama mlango wa korti umefungiwa wasio raia? Utamwambia nani? Aprili 2014 tuliona haya kwa macho, msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, maelfu wakakamatwa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kwingine, wengi wakarundikwa uwanja wa michezo wa Kasarani wachujwe, na ndani yao walikuwemo Wakenya Wasomali wenye vitambulisho mfukoni wanaambiwa ni feki. Hao hao mwaka 1989 walishapigiwa msako wakalazimishwa kubeba kadi maalum za kuonyesha ni Wakenya, katika nchi yao wenyewe! Ndio maana kifungu cha 49 kinasema mtu yeyote aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa na afikishwe kortini ndani ya saa 24. Uraia wako unajulikana baada ya kusikilizwa, haujulikani kwa kuangaliwa pua.

Najua kuna watakaosema wewe unatetea magaidi. Hapana jamani. Shambulio la duka la Westgate lilituumiza sote, na lile la chuo kikuu cha Garissa wakafa 148, sitaki mtu afikiri nachukulia hayo kirahisi. Lakini mahakama zetu zilishalipima hili swala. Serikali ilipotaka kuhamisha wakimbizi wote wa mijini kwenda kambini, Julai 2013 marehemu Jaji Majanja alikataa, akasema huwezi kupaka kundi zima rangi ya uhalifu ukaifanya hiyo ndio sera. Februari 2015 majaji watano wakafuta kipengele cha sheria ya usalama kilichotaka wakimbizi wasizidi 150,000 nchini. Februari 2017 Jaji Mativo akazuia kufungwa kwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Gaidi ashtakiwe, na asiye na ruhusa ya kukaa arudishwe kwao kwa kufuata sheria, hilo katiba haikatazi. Kumteka mtu ndio hapana.

Na utekaji tumeuona hapa hapa. Oktoba 2024 wakimbizi wa Kituruki walichukuliwa Nairobi na wanne wakapelekwa Uturuki, serikali yenyewe ikakiri iliwarudisha kwa ombi la Uturuki. Mwezi uliofuata Kizza Besigye, mpinzani wa serikali ya Uganda, akapotea Nairobi, baada ya siku chache yuko mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Watu wakasema ah, hao si wetu. Haya, Mei 2025 mwanaharakati wetu Boniface Mwangi alikwenda Dar kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani Tanzania, akakamatwa pamoja na mwanaharakati Agather Atuhaire wa Uganda, wakaja kutupwa karibu na mipaka, wote wawili wakasema waliteswa. Hapo Wakenya tulichemka, na tulikuwa na haki ya kuchemka, kwa sababu Katiba ya Tanzania nayo ibara ya 13 inakataza mtu kuteswa, haijasema Mtanzania. Sasa kama tunaidai hiyo ibara imlinde Mkenya akiwa Dar, kwa nini Mganda akiwa Nairobi tunamwambia arudi kwao?

Ombi langu kwako mhariri ni hili. Ile barua mliipa nafasi kubwa, basi mchape na kifungu cha 49 chote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na mwandishi wenu mmoja apite vituo vya polisi vya huku Pwani aulize OCS, yaani mkuu wa kituo, mmoja mmoja ni watu wangapi wako seli kwa sababu ya kukosa kipande tu, na wamekaa humo tangu lini.

Msomaji wenu,
Msambweni, Kwale