Kabla baba watoto hajafika

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Nasikia basi la Moshi linamleta mumeo Jumamosi, na vidole alivyounguzwa na baridi ya mlimani. Mimi ni mama mkwe wake, na kuna mambo siwezi kuyaona wala kuyagusa. Kumfunga vidonda ni mojawapo. Kwa hiyo nakuandikia wewe.

Vidole vinne vya mkono wa kulia utavikuta vyeusi, vikavu, vimesinyaa kama dagaa wa soko la Mwaloni. Usipige yowe. Majirani watauliza kwa nini hospitali haijavikata, wengine watasema ametelekezwa. Waambie hivi: baridi ya kambi ya Barafu kule Kilimanjaro, mita 4,673 juu, iligandisha maji ndani ya nyama na kuziba vishipa vya damu, lakini haikuua kwa mstari ulionyooka. Chini ya weusi huenda kuna nyama hai. Mwili wenyewe huweka mpaka kati ya kilichokufa na kizima, na huchukua wiki kadhaa, pengine hata miezi mitatu. Daktari akikata mapema anaondoka na sehemu ambayo ingepona.

Kwa hiyo tunataka vikauke. Kila jioni chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, mwoshe kwa sabuni ya kawaida isiyo kali, mkaushe kwa kugusagusa bila kusugua. Weka kipande cha shashi kati ya kidole na kidole, kisha funga kwa kulegeza, kidole chako kidogo kiweze kupita chini ya bendeji. Akilala, mkono ukae juu ya mto. Asali, majani, kuota moto wa jiko, vyote hapana. Vidole hivyo havisikii, ataungua huku anapiga soga. Ziwani asitie mkono wala mguu, kwa maana kichocho hupenya hata ngozi nzima, sembuse kidonda. Sigara hapana, na ule ugoro wa mjomba wake hapana pia, tumbaku hubana mishipa. Ukiona vinalowa, vinanuka, wekundu unapanda kuelekea kiwiko, au ana homa, mpeleke hospitali ya Bugando siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Mguu wa kushoto ameshakatwa kidole gumba na cha pili. Ficha kandambili zake kabla hajafika: kandambili hushikwa na vidole hivyo hivyo viwili, na hayo mawe ya kushukia kutoka kwenu hayana huruma. Kidonda kikifunga, mtafutie raba yenye soli ngumu, ujaze sponji mahali pa vidole, ukiikata kwa umbo lake isimsukume. Akivua, angalia mguu. Alama nyekundu ambayo haijapotea baada ya dakika 20 maana yake kiatu kinamuumiza. Atakwambia pia kidole kisichokuwepo kinawasha. Usicheke, wala usimpeleke kwa mganga. Mishipa ya fahamu bado inapeleka habari. Kovu likishakauka kabisa, aliguseguse kwa pamba, baadaye kwa kanga, kisha taulo, mwisho auzungushe mguu kwenye beseni la mchele, dakika tano tano mara tatu kwa siku. Maumivu yakimnyima usingizi amweleze daktari, dawa zake zipo.

Nina wasiwasi zaidi na sinia kuliko vidonda. Mkono wa kulia ndio wa kula, na watoto tumewafundisha kwamba wa kushoto una kazi yake nyingine. Ukimtengea sahani yake pembeni siku ya kwanza, umemfanya mgeni ndani ya nyumba yake. Ukimlisha, ndiyo mbaya zaidi. Wewe fanya hivi: sahani yenye ukingo mrefu, kitambaa kilicholowa chini yake isiteleze, na kijiko ambacho mpini wake umezungushiwa kitambaa mpaka ukawa mnene kama muhindi mdogo. Iweke sahani hiyo pale pale mnapokula wote. Kwa kushoto atasukuma ugali kwenye ukingo, kijiko kitabeba. Anza na sangara, hana miiba midogo. Sato ataomba mwenyewe, na siku hiyo mwache ahangaike naye hata nusu saa. Angalia mchuzi, usimwangalie yeye. Gumba la kulia lipo, na vidonda vikishapona gumba na kiganja vitajifunza kushika kikombe, ufunguo, hata noti.

Watoto waambiwe kabla hajashuka kwenye bajaji: nyama imekufa kwa baridi, haiambukizi. Watakaouliza, awajibu yeye.

Usiku utakuwa na kazi. Mvua zetu za ziwani hupiga alfajiri, na bati likivuma kwa upepo linafanana na hema kwenye dhoruba. Akishtuka usimtikise. Washa taa, mwite kwa jina ukiwa mbali kidogo, mwambie yuko Mwanza. Mwezi ukipita bila nafuu, kliniki ya afya ya akili, bila aibu.

Mwaka 1996, kwenye mlima Everest, mpakani mwa Nepal na Tibet, dhoruba ya Mei 10 na 11 iliondoka na watu 8. Daktari mmoja wa Dallas, Beck Weathers, aliachwa kwenye theluji wenzake wakijua amekwisha, akaamka na kutembea mwenyewe hadi kambini. Alikatwa mkono wa kulia chini ya kiwiko, na vidole vyote vya kushoto. Watu husimulia hilo la kuamka. Mimi humfikiria mkewe, Peach, aliyekuwa ameshaamua kumwacha kwa sababu milima ilimnyang'anya mume. Aliporudi hivyo, akampa mwaka mmoja aonyeshe amebadilika, na ndoa ikabaki. Na wewe najua una yako moyoni kuhusu misimu yote aliyokuacha na watoto. Usiyameze kwa kumwonea huruma. Ila si wiki ya kwanza.

Kuhusu fedha: aliumia akiwa kazini, basi mkataba, karatasi za hospitali na majina ya wagumu, wale wapagazi wa mlimani, waliokuwa naye viwekwe kwenye bahasha moja, mfuatilie Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi mapema. Atakuja kutafutiwa kazi ya samaki; aikubali, lakini si ya kushika barafu. Kiungo kilichoganda mara moja huumizwa upesi na baridi ndogo tu.

Kijana wa boti anakuletea vijiko vitatu nilivyovifunga mpini. Kimoja kimezidi unene, kijaribu kwanza mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

Mama yako