Akikosea, mwache aendelee

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Unasema bibi ameanza kuwachanganya wajukuu majina, na umeamua kumrekodi angali anasimulia. Umeniomba orodha ya maswali. Orodha ninayo, ndiyo ile niliyokwenda nayo kwa babu, lakini sikutumii. Nitakueleza nilivyoharibu mimi, ili wewe angalau ukosee mengine.

Nilikwenda na maswali 40 yaliyopangwa vizuri: ulizaliwa mwaka gani, ulianza shule lini, ulioa lini. Babu akawa ananijibu kama mtu aliyesimama mbele ya karani. Nusu saa tukamaliza. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu, akaiokota picha moja ya zamani iliyodondoka kwenye daftari langu, akaanza kunieleza habari za kijana aliyesimama pembeni, ambaye miaka yote nilidhani ni jirani. Kumbe alikuwa mdogo wake. Alisimulia kwa saa nzima, na kinasa sauti nilishakizima.

Kwa hiyo anza na picha, moja moja, usimmwagie albamu nzima. Au mwombe akutembeze katika nyumba aliyokulia: mlango ulitazama wapi, nani alilala chumba kipi, usiku zilisikika sauti gani. Watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba wazee wakiulizwa habari za maisha yao, mengi yanayowajia ni ya tangu walipokuwa na miaka 10 hivi hadi kama 30. Ya juzi yanaweza kumpotea bibi huku ya usichana wake yakiwa bado mabichi. Na akinyamaza, nawe nyamaza. Mimi nilikuwa mwepesi wa kuziba kila kimya kwa swali jipya, na ukisikiliza kanda zangu utanisikia nikimkatiza kila alipotaka kuvuta pumzi. Aibu tupu.

Lakini kosa linaloniuma hadi leo ni jingine. Siku moja alisema mafuriko makubwa yalikuja mwaka aliozaliwa mama. Nikamwambia hapana babu, yalikuja miaka mitatu baadaye. Akanitazama, akasema, “Basi kama unajua, simulia wewe.” Siku hiyo hakuongeza neno.

Baadaye ndipo nikasoma habari za Alessandro Portelli, mwanahistoria wa Italia aliyewarekodi wafanyakazi wa viwanda vya chuma katika mji wa Terni. Kijana mmoja wa huko, Luigi Trastulli, aliuawa na polisi mwaka 1949 katika maandamano ya kupinga Italia kuingia NATO. Walipohojiwa, wengi walisema aliuawa mwaka 1953, katika ghasia za wafanyakazi kuachishwa kazi kwa maelfu. Portelli hakulitupa kosa hilo. Alijiuliza limetoka wapi, akaona kwamba watu wale walikihamishia kifo cha mwenzao pale palipowauma zaidi. Niliposoma hayo nilimkumbuka babu. Kwa nini mafuriko yake yalihamia mwaka wa mama kuzaliwa? Sikumuuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Bibi akisema lisilolingana na cheti, mwache. Utaliandika pembeni baadaye, kwa kalamu yako.

Kuhusu vifaa usijisumbue, simu inatosha. Iweke karibu naye juu ya kitambaa, maana kila anayegonga meza husikika kama radi. Zima feni na redio, na iweke simu katika hali ya ndegeni. Mwanzoni taja tarehe, jina lake na waliopo. Ukiweza, rekodi kwa WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa. Faili ni kubwa, kama megabaiti 600 kwa saa moja ya ubora wa CD, ila haitupi sehemu ya sauti ili kuokoa nafasi, kama faili la MP3 lifanyavyo. Kisha weka nakala tatu, na moja isikae nyumbani kwako. Kuandika neno kwa neno huchukua saa nne au zaidi kwa kila saa moja ya sauti, kwa hiyo kwa kuanzia andika tu dakika gani alizungumzia nini.

Kabla ya yote mwombe ruhusa, umwambie pia ni akina nani watakaosikiliza. Akisema zima, zima kweli, usijifanye umebonyeza. Babu aliniambia hivyo mara moja. Aliyoyasema baada ya hapo ninayo kichwani, na hata wewe sikuambii.

Nenda Jumamosi hii, usingoje likizo. Chukua ile picha ya bibi akiwa msichana, anayecheka huku amefumba macho. Na akikuita kwa jina la mama yako, itika.

Msalimie sana.

Wako wa siku zote