Waajiri, tupeni hata jibu la "hapana"

Ndugu Mhariri,

Majuma mawili yaliyopita mlichapa makala ya kuwausia wasio na kazi wawe na "mtazamo chanya". Niliisoma nikiwa nimesimama, maana gazeti halikuwa langu, na nilipomaliza nikamrudishia mwenyewe bila kusema neno. Sikukasirika. Mwandishi ana nia njema. Ila nilijua palepale kwamba hajawahi kufikisha miezi 9 bila mshahara, simu inaita naye anaigeuza kifudifudi asilione jina la anayemdai.

Mimi nilikaa hivyo miezi 19. Kabla ya hapo nilikuwa mtunza stoo kwa miaka 11, katika kampuni ambayo sitaitaja. Siku ya kupunguzwa tuliitwa mmoja mmoja, tukapewa bahasha, nami nikaambiwa nikabidhi funguo kabla ya saa sita mchana. Nilikabidhi funguo pamoja na hesabu ya mzigo iliyokaa sawa hadi skrubu ya mwisho. Mpaka leo najiuliza nilimhesabia nani.

Miezi mitatu ya kwanza sikutafuta chochote, ingawa nyumbani nilisema natafuta. Nilikuwa naamka saa tatu, mara saa nne, nazunguka na kanga moja hadi adhuhuri, na jioni nimechoka kuliko nilivyokuwa nikichoka kubeba makasha. Binti yangu anasoma elimu ya jamii chuoni. Siku moja akanisomea habari za Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa, karibu kila nyumba ikabaki bila mshahara. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikwenda huko watafiti, wakiwamo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, wakaangalia watu wanaishije. Walipima hata mwendo wa wapita njia. Waligundua kwamba wanaume walikuwa wakitembea polepole na kusimamasimama, wengi hawabebi tena saa, na vitabu vya maktaba vilikuwa vikiazimwa kwa uchache kuliko zamani ingawa sasa muda wa kusoma ulikuwa tele. Wanawake bado walikuwa wakitembea haraka, kwa sababu kazi za nyumbani hazina siku ya kufungwa.

"Mama," binti akaniambia, "wewe umekuwa mwanamume wa Marienthal."

Nilicheka, kisha usiku sikulala. Kesho yake nikatega saa ya kuamka ileile ya zamani, nikavaa viatu. Ndiyo, viatu, ndani ya nyumba. Asiyewahi kupoteza kazi ataona kichekesho.

Sasa nije kwenye daftari, maana ndilo lililonifanya niandike barua hii. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi kwa miaka 11 niliuishi msemo huo, kila bidhaa ina kadi yake, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kumbe madeni yangu mwenyewe sikuwa na hata karatasi yake. Nilikuwa nayajua kwa tumbo tu, kwa jinsi linavyonisokota nikisikia mlango unagongwa. Nikanunua daftari la kaunta, nikakaa mezani, nikamfungulia kila mdai ukurasa wake kama ningemfungulia bidhaa kadi. Benki. Chama cha akiba na mikopo. Mwenye nyumba. Mikopo miwili ya kwenye simu. Shemeji. Mjomba. Wadai saba. Nilipojumlisha mkono ulikuwa mzito, nikarudia hesabu mara ya pili kwa mazoea ya kazi, nikapata jumla ileile. Lakini nasema kweli, usiku ule nililala fofofo. Miezi yote nilikuwa najiambia mambo yatakuwa sawa na silali. Nilipoujua ukubwa wa shimo, usingizi ukaja.

Baada ya hapo nikaanza kuwapigia, mmoja kwa siku. Mjomba nilimwacha mwisho, kwa kuwa benki haikujui ulipokuwa mtoto, mjomba anakujua. Alikuwa amenipigia mara nyingi sijapokea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kumbe u hai."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nikamwambia sina hela zake, na nikamtajia kiasi kidogo, kidogo cha kuaibisha, ambacho ningeweza kumpelekea kila mwisho wa mwezi. Nilitegemea aseme achana nayo, mwanangu. Hakusema. Alisema naye anazihitaji, paa lake linavuja. Kisha akasema: "Ukinipa kidogo kidogo nitapokea. Ukinikimbia ndipo tutakosana." Maneno hayo nimeyaandika juu ya ukurasa wake. Hadi leo hakuna mwezi niliomruka, hata ule niliompelekea nusu.

Watu wengi hubishana lipi lilipwe kwanza, deni dogo kuliko yote ili moyo upate nguvu, au lenye riba kubwa kuliko yote. Hesabu iko upande wa riba, hilo halina ubishi. Deni la riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ikizaa juu ya riba, mwezi wa 7 limekaribia kuwa mara mbili na mwezi wa 8 limeshapita. La mjomba halizai kitu, linavuja paa tu. Mimi nilianza na la shemeji lililokuwa dogo, nikalimaliza kwa miezi miwili ili nione ukurasa mmoja umepigwa mstari mwekundu, kisha nikageukia mikopo ya simu kwa ukali wote. Mhasibu yeyote ataniambia nilipoteza riba ya miezi miwili. Ni kweli, niliipoteza. Mstari ule mwekundu niliuhitaji.

Hela zilitoka wapi? Niliwaendea wenye maduka nikawaambia nitawahesabia mali yao mwisho wa mwezi, walipe kwa siku. Wa kwanza alikubali kwa kunionea huruma. Wa pili alikubali kwa sababu kwa yule wa kwanza nilikuta makasha manne ambayo kwenye vitabu yapo na rafuni hayapo. Si ajira, ni kibarua cha siku tatu nne kwa mwezi. Lakini siku hizo nilikuwa mtu mwenye kalamu sikioni, na nyumbani nilirudi nikinung'unikia vumbi kama zamani.

Kwa mawakala wa ajira nitapita haraka, maana nikikumbuka naona haya. Mmoja alinitoza "ada ya usajili", kisha "ada ya vipimo", kisha simu yake ikazimika. Baadaye nikajua kuwa Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unakataza mawakala binafsi kumtoza mtafuta kazi ada, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma. Nchi zinaruhusiwa kuweka misamaha, na si zote zilizouridhia, lakini msingi wake umenitosha: kazi anaitafuta mfanyakazi, gharama ya wakala ni ya mwajiri. Anayekudai hela kwanza, ondoka.

Jambo jingine la shirika hilohilo lilinichoma. Kwa takwimu za kimataifa, asiye na ajira ni mtu asiye na kazi, aliye tayari kufanya kazi, na anayeitafuta. Ukiacha kuitafuta kwa sababu umechoka, unatoka kwenye hesabu hiyo. Naelewa wana sababu zao za kitaalamu, na waliokata tamaa wana safu yao pembeni. Lakini mimi ni mtu wa stoo. Ningemwambia bosi wangu kwamba makasha ya nyuma sikuyahesabu kwa kuwa yameshika vumbi, angenifukuza siku hiyohiyo.

Basi nikatafuta kwa daftari vilevile. Kila ombi mstari wake: tarehe, nafasi, nani nimemwandikia, na safu ya mwisho ya majibu. Ombi likishatoka, kwenye safu hiyo naandika "njiani", kama tulivyokuwa tukiandika mzigo uliolipiwa ambao haujafika. Asubuhi hadi saa sita ni maombi. Mchana sigusi, hata nikitamani, kwa sababu niligundua barua ninazoandika saa kumi jioni zinanuka kuomba.

Niliandika maombi 83. Yaliyojibiwa ni 22. Kati ya hayo, 6 yalikuwa wito wa usaili na 16 yalikuwa "hapana". Na kazi niliyonayo sasa, ya mkataba wa mwaka mmoja, haikutoka hata kwa moja kati ya hayo 83. Nilikuwa dukani nahesabu mali, akaja dereva kushusha mzigo, akaniangalia sana. "Wewe si yule dada uliyekuwa ukinihesabia mara mbili hata kukinyesha?" Nikamwambia ndiye. Akacheka, akasema alikuwa akinichukia mno, na kwamba kule anakopeleka mzigo siku hizi wanaibiwa na hawana mtu. Jina lake sikuwa nalijua. Nilikuwa namjua kwa namba ya gari. Binti yangu akasema hilo nalo limeandikwa: Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1973 alionyesha kwamba wengi wa waliopata kazi kupitia mtu waliipata kwa mtu wasiyeonana naye mara kwa mara, kuliko kwa rafiki wa karibu. Rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua. Nami miezi yote nilikuwa nawasumbua dada zangu, ambao nao wanasoma matangazo yaleyale ninayosoma.

Sasa Mhariri, hoja yangu ndiyo hii. Mwandishi wenu anadhani kinachomaliza matumaini ni kukataliwa. Mimi nimekataliwa mara 16, na naweza kuapa kwamba siku za "hapana" hazikuwa mbaya kuliko zote. Kampuni moja ilinijibu siku ya nne, maneno matano: "Tumempata mwingine. Barua yako tumeisoma." Niliichapisha nikaibandika kwenye daftari kwa gundi. Nilipiga mstari, nikafunga ukurasa, nikaandika ombi jingine kabla ya saa sita. Hilo "tumeisoma" lilinibeba juma zima.

Kinachomaliza mtu ni kimya. Mwenye stoo anajua hasara ya mzigo ulio njiani. Huwezi kuuuza, huwezi kuudai, huwezi kuagiza mwingine kwa kuogopa itafika yote miwili. Unabaki umeuwekea nafasi rafuni. Kuna usaili mmoja nilioufanya vizuri, watu watatu mezani, wakanisindikiza hadi mlangoni, wakasema "tutakupigia ndani ya juma hili". Juma lile niliingia bafuni na simu imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Wiki mbili baadaye nilikataa kibarua cha kuhesabu mali cha siku tatu, nikihofia wataniita siku hizohizo. Hawakuita kamwe. Hela za kibarua kile zilikuwa za mjomba, na ndiyo maana mwezi ule nilimpelekea nusu.

Najua waajiri watasema maombi ni mengi, watu ni wachache. Nimefanya kazi ofisini, naelewa. Lakini wanaotuma maombi kwa barua pepe wanaweza kujibiwa wote kwa ujumbe mmoja, kazi ya dakika chache siku nafasi inapojazwa. Waliofika hadi mezani kwenye usaili, ambao huwa hawazidi kumi, wapigiwe simu. Sidai sababu, wala sihitaji pole. Na ninyi wa gazeti, mnaochapa matangazo ya kazi kila toleo, mngeweza kumwomba kila anayetangaza aweke mstari mmoja chini: majibu yatatolewa kufikia tarehe fulani. Ule mstari wa "watakaofaa tu ndio watakaoitwa" tumeuzoea, lakini hautuambii tusubiri hadi lini.

Nina mkataba sasa, mkopo mmoja wa simu umekwisha na wa pili umebaki robo, na paa la mjomba bado linavuja upande mmoja. Daftari la maombi ningeweza kulichoma, ila mkataba ni wa mwaka mmoja tu, kwa hiyo nimelitunza. Ndani yake kuna mistari 61 ambayo bado imeandikwa "njiani". Kama mwenye mmojawapo anasoma gazeti hili, anwani yangu iko juu ya barua niliyompelekea.

Mtunza stoo
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)