Barua ya wazi kwa vibarua wa magodauni ya Changamwe na Miritini

Wanangu,

Habari yenu nimeipata kinyozini, mahali ambapo siri hailali. Aliyekuwa kitini alisema kwa sauti kwamba Jumatatu hakuna kibarua atakayegusa kontena. Mimi nilikuwa kwenye foleni, gazeti usoni, najifanya sisikii. Usiku ule usingizi ulinipaa. Si kwamba naogopa mgomo, maana mimi ni mtoto wa mgomo. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mnataka kugoma kabla ya kuhesabiana.

Hili jina mnaloitwa, kibarua, ni barua ndogo. Zamani mtu wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kazi yake ya siku, na karatasi ikamvika mtu jina lake. Baba yangu alikuwa kibarua wa bandarini, akibeba magunia Kilindini. Na niwaambie jambo ambalo wasemaji wa majukwaani hawalitaji: yeye hakuuchukia ukibarua wenyewe. Akiwa na harusi au maziko haendi kazini, wala haombi ruhusa kwa mtu. Kilichomchoma ni pesa. Vita vya Hitler vimekwisha, unga na nguo zimepanda bei, kodi ya chumba haishikiki, na ujira umekaa palepale.

Tarehe 13 Januari 1947, nayo ilikuwa Jumatatu kama hiyo yenu, watu wapatao 15,000 waliacha kazi Mombasa. Makuli, watu wa reli, wapishi wa mahoteli na watumishi wa majumbani, wote. Mji ulikaa kimya kwa siku kumi na mbili hivi. Walikuwa wakikutana uwanja wa Kiembeni, na baba alipenda kusimulia jinsi waliokamatwa wakienda kazini kwa mlango wa nyuma walivyonyolewa upande mmoja wa kichwa. Yeye alicheka kila akisimulia. Mimi sikucheka, na nyinyi msije mkalijaribu.

Katika mikutano ile ndipo Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika lilipopata nguvu, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika baraza la kutunga sheria, alikuja akawasihi warudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yatasikizwa. Wakarudi. Baraza la usuluhishi la Jaji Thacker likakaa, na mishahara ikapanda.

Najua mtaniambia: si hao, mzee, waligoma tu na wakapata? Walipata. Lakini Agosti mwaka uleule Kibachia alishikwa, akapelekwa Kabarnet kule Baringo, akazuiliwa huko kwa miaka kama kumi. Shirikisho likafa. Watu walikuwa maelfu lakini uzi wa kuwafunga pamoja ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na serikali ililijua hilo kuliko wao. Miaka mitatu baadaye, Mei 1950, Nairobi walifanyiwa hivyohivyo: Makhan Singh na Fred Kubai, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, walikamatwa, mji ukagoma, na Makhan Singh hakuachiwa mpaka 1961.

Chama cha makuli wa Mombasa kiliandikishwa 1954, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari. Mwaka uliofuata bandari iligoma, naye Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaja kusuluhisha. Ujira uliongezwa, ndiyo, lakini kwangu mimi kubwa si hilo. Kubwa ni kwamba mgomo ulipokwisha palibaki ofisi yenye mlango. Mtu akidhulumiwa wiki ya pili ana pa kwenda kubisha hodi.

Sasa yangu mimi. Niliingia kazi ya godauni Shimanzi nikiwa kijana, kahawa ya magunia, malipo ya kutwa. Chama hapakuwa. Asubuhi moja mnyororo wa winchi ulimbana somo yangu mkono, vidole vitatu vikaenda. Tulipomfikisha ofisini, karani alifungua daftari, akashuka na kidole mstari kwa mstari, akafunga. "Jina lake halimo humu," akasema, kana kwamba damu ile sakafuni ilikuwa ya mpita njia.

Tukatoka. Watu arobaini, hasira tupu, mchana uleule. Kesho yake alfajiri tulipofika langoni tuseme yetu, tulikuta arobaini wengine wamekwisha panga foleni, na mnyapara anawahesabu huku anapiga mswaki. Hakutuangalia hata mara moja.

Chama kiliingia godauni lile baadaye, baada ya miezi mingi ya kukusanya majina mmoja mmoja, usiku, majumbani. Kwa somo yangu ilikuwa kuchelewa mno. Aliishia kuuza kahawa barabarani, dele mkono wa kushoto, na kila alipomimina alimwaga kidogo.

Nyinyi mna silaha ambazo sisi hatukuwa nazo, na hamzitumii. Katiba ya 2010, ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama na haki ya kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kwisha chini ya miezi mitatu, huhesabiwa ni mtu wa mshahara wa mwezi. Ndiyo maana ajenti wenu anawatoa na kuwarudisha kila mara kwa karatasi mpya. Hizo karatasi msizitupe. Kila moja pigeni picha.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi nayo inamlazimu mwajiri akitambue chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Zaidi ya nusu, basi. Kila mtu ajaze Fomu S, ile ya kuruhusu ada ikatwe kwenye mshahara. Chama kikishatambuliwa mnadai mkataba wa pamoja, na mkishindwana mnapelekwa kwa msuluhishi. Usuluhishi ukigonga mwamba, toeni notisi ya maandishi ya siku saba, kisha gomeni nami nitakuja langoni na kiti changu. Mkigoma Jumatatu hii bila hayo, mwanasheria wa mwajiri hatahitaji hata kuvaa tai ili awashinde.

Kuna aliyesema pale kinyozini kwamba viongozi wa vyama wamenenepa kwa ada za watu. Wapo. Nimewaona wakikaa chai na mwajiri mpaka wakasahau walitumwa na nani, na hata serikali zetu baada ya uhuru zilipenda kuvivuta vyama karibu na kifua chao. Lakini viongozi wale walipigiwa kura mkutanoni, na mkutanoni nyinyi hamkwenda. Baba alikuwa akitembea kwa miguu kwenda Kiembeni baada ya kutwa nzima bila chakula. Nyinyi mwanishinda kwa kuujua mpira wa Uingereza tu.

Tena msichague msemaji mmoja. Chagueni watu saba, kutoka zamu zote na magodauni yote, wanawake wa kuchambua chai wakiwemo, maana hao ni wengi kuliko mnavyowahesabu.

Jumapili baada ya alasiri nitakuwa chini ya mwembe nyuma ya kinyozi. Njooni na vitambulisho na hizo karatasi za ajenti. Kalamu ninazo, na daftari nimenunua. Mwenye mwandiko mzuri aje mapema, macho yangu hayaoni tena mistari.