Barua kwa Mama Zuhura: penye kula umeteleza

Tanga, Jumapili usiku

Mama Zuhura mpendwa,

Kurasa zako za tafsiri ya ile hadithi ya Kiingereza zimefika salama. Nimezisomea jikoni huku wali umepaliwa makaa, kwa hiyo ukiona doa la tui ukurasa wa 9, usiulize. Tafsiri inatiririka. Ila penye misemo yao ya kula, shoga yangu, umeteleza.

Ukurasa wa 3 umeandika, "ikabidi mzee ale maneno yake." Najua Mwingereza alikusudia nini: kauli ya jana imemrudia mzee na sasa anaikana mbele za watu. Lakini kwetu anayekula maneno ni yule asiyetamka silabi zote. Kosa hilo hilo nililifanya mimi mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye habari ya waziri. Msomaji mmoja akapiga simu kuuliza waziri kapatwa na kiharusi lini. Sisi tunasema kalamba matapishi yake. Najua, ni kali mno, na mzee wako ni mstaarabu. Basi andika tu "akaifuta kauli yake". Si lazima kila penye mlo nawe upike.

Hiyo "pai ya unyenyekevu", ambayo kwao kuila ni kukiri kosa kwa aibu, iondoe kabisa. Zamani Waingereza walikuwa na neno lao la maini, moyo na matumbo ya kulungu, na lilisikika karibu sawa na lile la unyenyekevu. Pai ya vitu hivyo ilikuwepo kweli. Mwingereza mmoja, Samuel Pepys, aliletewa moja ya moto mwaka 1663 na akaisifu kwenye shajara yake. Aibu ilikuja baadaye, maneno mawili yalipogongana. Kwa Kiswahili hayagongani, na msomaji atabaki anasubiri aambiwe pai ni ya nyama gani.

Chumvi ndiyo iliyonichekesha hadi Baba Khalfan akaja kuchungulia. "Alizipokea habari hizo kwa chembe ya chumvi." Kwa Mwingereza, chumvi hutiwa na anayesikiliza, ili asimeze kila anachoambiwa. Wenyewe huifuatilia hadi kwa Plinio, mwandishi wa Roma ya kale, aliyeandika juu ya dawa ya kukinga sumu iliyoongezwa chembe ya chumvi. Kwetu anayetia chumvi ni msemaji! Na aliyekula chumvi nyingi ni mzee wa kuamkiwa shikamoo. Sasa huyu wako ni kijana wa miaka ishirini, kasimama mlangoni na chumvi mkononi. Msomaji wa Pangani ataona yeye ndiye mwongo. Mimi ningesema "alizisikia, akaziweka kiporo". Tumebaki jikoni, na hakuna aliyesingiziwa.

Keki umeipatia. "Mshika mbili moja humponyoka" imekaa pazuri kabisa. Wao wana keki yao: huwezi kuila na bado ukabaki nayo. Mwenzao John Heywood aliiweka kwenye kitabu chake cha methali mwaka 1546. Sisi tuna mikono yetu miwili.

Kurasa nazipa basi la Jumatano asubuhi, mtume Zuhura stendi. Zilizobaki nimezitia penseli tu, isipokuwa ukurasa wa 21, pale mke anapomuuliza mumewe, "Nini kinakula?" Nilisoma mara mbili nikidhani kuna panya kabatini, ndipo nikang'amua kwamba anayeliwa ni mume. Weka "kuna nini kinachokusumbua?", halafu endelea.

Wako,
Mama Khalfan